Kipanga Tuliyempeleka Buffalo

Neema na Esta, Jumatatu kwenye basi la shule mliniuliza safari ilikuwaje, nikasema "nzuri," kisha nikageukia dirishani. Mnanijua. Neema ukaingiza pua kwenye mkoba wangu ukauliza kwa nini kitabu cha darasa la Kiingereza kinanuka pombe ya mtama, nikasema sijui. Najua sana. Haya, nimewaandikia, maana nikiwa na kalamu siogopi mtu. Mkimaliza kusoma msinirudishie daftari mbele za watu.

Kaka yangu Elia anampenda Jeannette wa Buffalo, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba tulikwenda kumposa mwezi wa Juni tukarudishwa. Kwetu Warundi posa si kuuliza na kujibiwa. Pande mbili zinakaa zikitazamana. Msemaji wa mwanaume anaanza kwa hadithi, msemaji wa binti anaitafutia matundu, wa kwetu anaziba, wa kwao anatoboa tena, mpaka upande wa binti useme basi, tumeridhika. Ni mchezo, lakini ni mchezo ambao mtu anaweza kurudi nyumbani bila mke.

Msemaji wetu ni Babu Melkiori. Baba alifariki zamani, kwa hiyo Babu, ambaye ndiye aliyemzaa, anasimama mahali pake. Msemaji wao ni Mzee Laurent, baba mdogo wa Jeannette, aliyemlea. Mwezi wa Juni Babu alisimulia hadithi ya ndama aliyepotea, mwenye ndama akafuata nyayo mpaka kwenye boma la watu. Alipofika katikati Mzee Laurent akainua mkono. "Ndama huyo alipita hapa mwaka jana," akasema. "Mwaka juzi alipita mara mbili." Upande wao wakaangua kicheko. Kisha yeye mwenyewe akaacha kucheka, akasema binti yake haendi kwa watu waliokosa hata neno moja jipya la kumwombea. Tukatafute maneno, turudi.

Tangu siku hiyo familia nyingine ilishampigia simu Mzee Laurent kumtaka Jeannette. Na Elia alisema, wakitukataa tena, yeye hana nguvu ya mara ya tatu. Kwa hiyo safari hii ilikuwa ndiyo ya mwisho.

Louisville: Babu hana hadithi

Tulipanga kuondoka Ijumaa saa moja asubuhi, tukaondoka saa tatu kasoro. Babu alikuwa ndani ya suti tangu alfajiri, lakini hakutaka kupanda gari. Alisimama kwenye maegesho ameshika kofia, anaongea nayo.

"Babu, twende," Elia akamwambia.

"Niende na nini? Sina hadithi."

"Utaipata njiani."

"Njiani kuna vituo vya mafuta. Hadithi haziko huko."

Dereva wetu alikuwa Fidele, Mkongo wa Uvira, rafiki yake Elia wa kazini kwenye ghala. Ndiye aliyeomba gari la kanisa kwa ajili yetu. Akateremsha kioo. "Bon, Babu, panda. Hadithi itakuja nyuma na gari yake."

Babu akapanda mbele. Mama na mimi tukakaa katikati. Elia akakaa nyuma peke yake na nguo za sherehe zilizoning'inizwa, akionekana kama mtu aliyefichwa kabatini.

Mimi nilikuwa na kitabu. Mwalimu ametugawia kitabu kinene cha hadithi za Waitaliano wa zama za kale. Ni tafsiri mpya, Kiingereza chake kinasomeka kama cha leo. Kila mmoja achague hadithi moja, Jumanne asimame aisimulie darasani. Niliposikia neno "asimame" nikaanza kuhesabu siku. Na kuna hadithi humo, jamani! Kuna watawa, kuna wanawake wanaoficha wanaume kwenye mapipa. Nilizisoma nikiwa nimekiinamisha kitabu ili Mama asione, ingawa Mama hasomi Kiingereza.

Mpaka tunapita Cincinnati, Babu alikuwa akijaribu hadithi zake kwa sauti. "Palikuwa na mtu mwenye kisima... Hapana. Laurent anakijua kisima hicho, utadhani alikichimba yeye." Kisha: "Palikuwa na ndugu wawili... Hapana." Kila "hapana" ilipotoka, nilisikia Elia anavuta pumzi nyuma yangu.

Whitehall, Columbus: kochi la Shangazi Goreti

Columbus tulikuwa tunasimama dakika kumi tu, kuchukua ndoo mbili za pombe ya mtama. Shangazi Goreti, dada wa marehemu Baba, anaipika kuliko mtu yeyote, na posa bila hiyo ni mkutano wa kawaida. Anatunza wazee majumbani, na mchana huo alikuwa kazini bado. Alisema ufunguo uko kwa jirani yake wa chini.

Tulipoingia kwenye maegesho ya zile nyumba za ghorofa, tulikuta kochi kwenye majani. Kando yake kulikuwa na meza, taa, na picha ya ubatizo ya watoto wa Shangazi. Mzee mmoja Mmarekani, mkubwa kama mlango, alikuwa anateremka ngazi na kiti kichwani.

"Ninyi ndio ndugu zake?" akauliza akihema. "Nimeanza bila ninyi."

Elia akamuuliza ameanza nini.

"Kumhamisha. Aliniambia ndugu zake wanakuja kuchukua vitu vyake."

"Vitu vyenyewe ni ndoo mbili," Elia akasema.

Yule mzee akalitazama kochi. "Ndoo mbili."

"Ndoo mbili tu."

Akakaa kwenye lile kochi, pale pale nje, akacheka mpaka akajifuta macho. Akasema tangu Jumatano hajalala vizuri. Goreti humpelekea maharage kila Jumapili, na yeye alidhani Jumapili zake zimekwisha. Niliyafasiri hayo kwa Babu kwa sauti ndogo. Babu akamshika bega yule mzee akamwambia kwa Kiswahili, "Pole sana, baba," na yule mzee akajibu kwa Kiingereza, "Asante," bila kuambiwa maana yake.

Tatizo likawa kulirudisha kochi. Halikupita mlangoni.

"Ilitoka, donc itaingia," Fidele akasema, amelishikilia upande mmoja.

"Lilitoka kwa sababu alikuwa na huzuni," Elia akasema kutoka chini yake. "Sasa amefurahi, nguvu zimemwishia."

Ikabidi wang'oe mlango. Shangazi alifika na sare yake ya kazi akamkuta Fidele ameshika mlango, Elia na jirani wako chini ya kochi, na Babu amekaa kwenye ngazi anawaelekeza.

"Mnanihamisha?" akauliza.

Kuondoka bila kula ikawa haiwezekani tena. Alitupikia ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na dagaa. Jirani naye akaletwa mezani akala dagaa kwa uma, mmoja mmoja, akiwatazama machoni kwanza. Tulipobeba ndoo, Shangazi akatufuata hadi garini na kidole juu. "Sikilizeni. Hii bado inapumua. Kila saa moja fungua kifuniko kidogo, itoe pumzi, funga. Mkisahau itajifungulia yenyewe."

Sote tukasema ndiyo.

Baada ya Erie: ndoo ya kwanza

Fidele hatukumwona akifanya. Alikuja kukiri baadaye. Tuliposimama kuweka mafuta aliogopa kwamba polisi wakitusimamisha watanusa pombe, basi akavikaza vifuniko vyote viwili kwa nguvu zake zote, kisha akavizungushia utepe wa gundi.

Baada ya Erie theluji ilitukuta kama ukuta. Louisville tuliacha watu wamevaa sweta. Magari yakapunguza mwendo, yakaenda kwa kusukumana, yakasimama kabisa. Mbele yetu kulikuwa na taa nyekundu mpaka macho yanapokoma. Fidele akaongeza joto ndani. Ndoo zilikuwa sakafuni, mbele ya miguu yangu, karibu na tundu la hewa ya moto. Juu ya ndoo moja nilikuwa nimeweka kitabu.

Mlio ulikuwa kama mlango uliopigwa teke. Kifuniko kiligonga paa. Kitabu kiliruka, kikarudi chini ndani ya povu. Mtama ulikuwa kwenye nywele zangu, kwenye kofia ya Babu, kwenye kioo. Elia akapiga kelele "Suti!" na akalala juu ya zile nguo kuzilinda. Mama alikwisha kuipigia magoti ndoo ya pili, anaubandua utepe wa Fidele kwa meno. Akalegeza kifuniko polepole. Ndoo ikatoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Fidele," Mama akasema.

"Mama Elia, minakosa," Fidele akajibu. "Minaogopa polisi. Sasa minaogopa wewe."

Nikaanza kukikausha kitabu kwenye tundu la hewa, ukurasa baada ya ukurasa. Si changu, ni cha shule, na machozi yalikuwa yananitoka. Babu akageuka.

"Kitabu hicho kinasema nini hata kinaliliwa?"

Basi nikamweleza. Kwamba katika mji mmoja wa Italia uliingia ugonjwa unaoua watu, na vijana kumi wakakimbia mji, wakawa kila siku wanasimuliana hadithi, kila mmoja moja.

"Walikimbilia wapi?"

"Kwenye nyumba nzuri, ina bustani."

"Wakala nini?"

"Watumishi walikuwa wanawapikia."

Babu akafikiri. "Hao hawakukimbia. Hao walikwenda likizo." Fidele akapiga usukani kwa kucheka. "Lakini walifanya vizuri kusimuliana," Babu akaendelea. "Sisi pia tulisimuliana, kule kambi ya wakimbizi. Nisomee moja. Hatuendi popote."

Nilichagua ile niliyokuwa nataka kuisimulia darasani, haina pipa wala mtawa. Kijana anampenda mwanamke, anamaliza mali yake yote kwa kumpendeza, mwanamke hamtazami. Anabaki na shamba dogo na kipanga mmoja wa kuwinda, mzuri kupita wote. Nilikuwa nafasiri huku nasoma, kidole kwenye mstari, na sauti haikunitetemeka kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananitazama isipokuwa Mama. Mume wa yule mwanamke akafa. Nikageuza ukurasa.

Na hapo sasa.

Ninyi mnatujua watoto wawili, Elia na mimi. Tulikuwa watatu. Kati yetu alikuwa Yoeli, alifia kambini kwa homa akiwa na miaka mitano, mimi nikiwa na miezi minane. Simkumbuki. Nyumbani kwetu jina hilo halitajwi. Si kwamba mtu alikataza, ni kwamba hakuna anayeanza. Na ukurasa ule ulisema kwamba mwana pekee wa yule mjane aliugua, akawa anamwambia mama yake, nikimpata yule kipanga nitapona. Nilimtazama Mama. Alikuwa anapangusa mtama kwenye mikono yake, kidole kimoja kimoja, ananisikiliza.

Nikaruka. Nikasema, "Siku moja yule mwanamke akaja kumtembelea." Nikaendelea kutoka pale. Kijana hana kitu cha kumpikia mgeni, anamchinja kipanga wake, anampika. Wakiisha kula, mwanamke anasema: nimekuja kukuomba kipanga wako.

"Mais non!" Fidele akasema. "Ile ndege iko mu tumbo!"

"Kipanga analiwa?" Elia akauliza.

"Mgeuze kuku, Babu," Fidele akasema. "Batu ba Buffalo batatapika."

Babu alikuwa ameshavua kofia. "Kuku analiwa kila siku, nani atamlilia kuku? Abaki kipanga." Kisha akaniuliza, "Alimtaka wa nini, huyo mama?"

"Alimpenda tu ndege yule," nikasema.

Magari ya mbele yakaanza kusogea, Fidele akashangilia, na Babu akageukia kioo akaanza kuisema hadithi yote tangu mwanzo, kwa mikono. Alikuwa na hadithi. Elia alinigusa bega kutoka nyuma, mara mbili. Sikugeuka. Nilijua nimempa Babu nguo yenye tundu, lakini nilijiambia ni dogo.

Buffalo: tundu

Sherehe ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa lao, Lower West Side, hatua chache kutoka nyumba ya kina Jeannette. Viti vilipangwa pande mbili. Upande wao ulijaa mpaka watu wakasimama. Salamu zilikwenda kwa Kirundi, kisha wakahamia Kiswahili kwa kuwa nusu ya majirani walikuwa Wakongo. Wasichana tulipewa kazi ya kupitisha soda. Mimi nilisimama karibu na mlango wa jikoni na sinia yangu, mahali ninapopapenda, nyuma ya kila mtu. Mama alikaa mstari wa nyuma wa upande wetu, karibu nami. Ndoo yetu moja ilikuwa katikati, imefunikwa kitenge.

Babu akasimama. Jamani, laiti mngemwona! Alimrusha kipanga yule kwa mkono, na watu wakamfuata kwa macho hadi darini. Aliposhika kisu, mwanamke mmoja wa upande wao akasema "Asifanye!" Alipofika kwenye "nimekuja kukuomba kipanga wako," ukumbi ukawa kimya hadi nikasikia friji ya jikoni.

"Huyo kijana ni mtoto wetu," Babu akasema. "Atakachokuwa nacho, hata kikiwa kimoja, binti yenu atakila." Akakaa.

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mzee Laurent hakuguna. Alisimama taratibu, mtu mwembamba, kofia kichwani, akatembea hadi karibu na ndoo.

"Ndege nimempenda," akasema. "Nina swali dogo. Mwanamke huyu alikuwa tajiri?"

"Tajiri," Babu akajibu.

"Alimkataa kijana huyu miaka yote?"

"Yote."

"Siku hiyo hakumpenda bado?"

"Bado."

"Halafu anatoka kwake kwa miguu, anakaa kwenye kigoda cha mtu aliyemkataa, anakula chakula cha maskini, anaomba ndege. Wa nini?"

"Alimpenda ndege yule," Babu akasema.

"Alimpenda ndege!" Mzee Laurent akawageukia watu wake. "Jamani, alimpenda ndege!" Wakacheka, tena kile kicheko cha Juni. "Mzee Melkiori, ndama wako alikuwa amechoka, lakini alisimama kwa miguu minne. Huyu wa leo anachechemea. Mwanamke mwenye akili haendi pale. Mwambie anakwenda kwa nini, au tufunue ndoo tunywe, tuagane kwa amani."

Elia aliinamisha kichwa. Babu akageuka polepole, akanitafuta, akaniona. Na kwa kuwa Babu alikuwa ananitazama, ukumbi mzima ukanitazama.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni, zima, maneno manne. Sikulitoa. Ndiyo, aibu, mnanijua. Lakini aibu peke yake ningeisukuma, kwa ajili ya Elia ningeisukuma. Ni kwamba Mama alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipo.

"Mtoto wake alikuwa mgonjwa."

Sauti haikuwa kubwa. Watu wakatafuta aliyesema, maana mama wa kijana hasemi wakati wasemaji wanasema. Haifanywi. Hata Babu alishtuka.

"Nani amesema?" Mzee Laurent akauliza.

Mama akasimama. "Mimi, mama yake Elia. Huyo mwanamke ana mtoto mgonjwa nyumbani. Mtoto amemtamani yule ndege. Mama haendi kuomba kwa mtu aliyemkataa kwa sababu ya ndege. Anakwenda kwa sababu ya mtoto. Angeambiwa mtoto anataka paa la nyumba ya mtu, angekwenda kuliomba."

Sikuwahi kumwambia. Naapa. Sikuwa nimemsomea mstari ule.

Mzee Laurent akamgeukia. Aliposema tena, hakusema kwa sauti ya msemaji. "Na mtoto alipona?"

"Atapona vipi?" Mama akasema. "Ndege ameliwa. Alirudi mikono mitupu."

Mzee Laurent akavua kofia. Akaitazama ndani, kama Babu anavyofanya na yake, kisha akasema, "Nilimchukua Jeannette akiwa na miaka sita. Mwaka huu mzima nimekuwa nawatafutia wasemaji makosa, kumbe aliyetakiwa kuulizwa alikuwa amekaa nyuma." Akageukia wanawake wa upande wao. "Binti yangu anakwenda kwa mama huyu. Funueni ndoo."

Vigelegele vilipasuka hadi nikaangusha chupa mbili. Elia alikuwa analia wazi wazi na Fidele anampiga mgongoni, "Bon, bon, basi, tulikula ndege tukapata bibi arusi." Babu alikuwa amesimama bado.

"Sijamaliza," akasema. "Mwishoni mwanamke anaolewa na yule kijana."

"Utamalizia unakunywa," Mzee Laurent akamwambia, akamvutia kiti. Nilipowapelekea vikombe nilimsikia akimuuliza hadithi hiyo ni ya wapi, maana hajawahi kuisikia Burundi nzima.

"Ya kwetu," Babu akasema.

"Kwenu wapi?"

"Louisville."

Jeannette alipotoka na dada zake, mimi nilikuwa jikoni nimekaa juu ya kreti ya soda. Nilikula sambusa sita. Sijawahi kusikia njaa tamu namna ile.

Kurudi

Jumapili barabara ilikuwa imesafishwa na jua linawaka juu ya theluji hadi macho yanauma. Babu alilala kabla hatujatoka mjini. Elia alikaa nyuma na simu yake, anacheka peke yake. Tulipofika pale ndoo ilipopasukia, Mama akanigusa goti.

"Fungua kitabu. Nisomee pale uliporuka."

"Ulijuaje niliruka?"

"Kidole chako kiliruka. Mistari mingi, maneno mawili."

Kurasa zilikuwa zimevimba na kugandamana, nikazitenganisha kwa ukucha. Nikamsomea yote. Mtoto kuugua, mama kukaa kando ya kitanda siku nzima akimwomba amwambie anachokitaka, mtoto kusema. Mama kusitasita. Mama kwenda. Na kule mwisho, mtoto kufa baada ya siku chache, na ndugu wa yule mwanamke kumhimiza aolewe, naye kumchagua mwenye kipanga.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Mtoto anaitwa nani?"

Nikatafuta. "Hana jina."

"Na huyo mwanaume?"

"Yeye analo. Na mama analo."

"Basi aliyeandika hakuwa mama wa mtu," Mama akasema. Kisha, akitazama nje, "Yoeli alitaka jogoo."

Nikafunga kitabu.

"Jirani yetu alikuwa na jogoo mwekundu. Hatukuwa tunasalimiana naye, tuligombana kwenye foleni ya maji, maneno mabaya. Yoeli akiwa kitandani akawa anasema, Mama, nataka yule jogoo. Siku mbili nilikataa. Ya tatu nikaenda nikasimama mlangoni kwake. Hakuniuliza kitu. Alimleta mwenyewe, akamfunga mguu kwenye kitanda. Yoeli alimshika mkia usiku na mchana. Jogoo hata hakumdonoa."

"Mlimla?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Ni hadithi ile.

"Nani angemla?" Mama akasema. "Nilimrudisha baada ya mazishi, yule jirani akakataa. Akasema ni wa Yoeli. Jogoo alitembea pale miaka yote, ametunenepea. Wewe ulijifunza kutembea ukimfukuza."

Kutoka hapo mpaka Whitehall Mama alimtaja Yoeli mara nyingi kuliko miaka yangu yote. Alivyokuwa anacheka, alivyomwibia Elia viatu. Elia alishaweka simu chini, akaongeza yake, kwamba viatu vyenyewe aliviiba viwili vya kulia. Tulipofika kwa Shangazi Goreti tulikuwa tunacheka watatu, na yule jirani akatoka nje kutazama kama kuna kochi la kuteremsha.

Jumanne nilisimama darasani. Esta, ulikuwepo, uliona kwamba nilifika mwisho. Baadaye uliniuliza huyo mtoto niliyemwita Yoeli yuko ukurasa gani, kwa sababu ulitafuta kwenye kitabu chako hukumwona. Humo hayupo. Ni kaka yangu.